Alunguli, ng'ambo yetu



Kama mnavyokumbuka, tumekuwa tukitembelea makomine ya mji wetu wa Kindu na kuandika habari zake, ili watoto wetu wasijue historia ya Ulaya peke yake huku hawajui ya mahali walipozaliwa. Kasuku tumeimaliza. Mikelenge pia. Ilibaki komine ya tatu, Alunguli, na tukisema ukweli, tuliichelewesha kwa sababu moja tu: iko ng'ambo ya mto.

Hiyo ndiyo habari ya kwanza ya Alunguli. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto wa Lualaba, pamoja na stesheni ya treni, uwanja wa ndege na ofisi za jimbo. Alunguli iko peke yake ukingo wa kuume. Daraja hakuna. Mtu wa Kasuku akiulizwa Alunguli ni wapi, anainua kidevu kuelekea maji na kusema, "Kule ng'ambo." Na mtu wa Alunguli akivuka kuja huku anasema, "Naenda Kindu," kana kwamba yeye si wa Kindu.

Katika chama chetu tuna wamama wa Alunguli. Kila juma wanavuka kuja mkutanoni, mvua au jua. Mwezi uliopita, tulipokuwa tunahesabu pesa za likelemba, mmoja wao alisema kwa sauti ya upole, "Miaka hii yote sisi tunavuka kuja kwenu. Ninyi mtavuka lini?" Tulinyamaza. Halafu tukapanga siku, na Alhamisi asubuhi tukashuka bichi, wamama saba, kila mmoja na kikapu chake.

Sisi tunaenda, soko linakuja

Saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi bichi ilikuwa imejaa. Lakini watu hawakuwa wanaenda upande wetu. Walikuwa wanakuja. Mtumbwi baada ya mtumbwi ulifika kutoka Alunguli, mingine ya kasia, mingine ya mota, na ndani yake karibu wote ni wanawake. Walishuka na mafurushi ya sombe bado yana umande, mihogo, mikungu ya ndizi, mchele, bidoni za mafuta ya mawese, magunia ya makaa, kuku waliofungwa miguu. Walipanda ukingo mbio mbio, maana anayefika sokoni kwanza ndiye anayeuza vizuri.

Tulisimama kando tukiwapisha. Wengine wetu tunanunua sombe ile kila siku, na hatukuwahi kujiuliza imeamka saa ngapi. Mama mmoja alituambia bila kusimama: anatoka nyumbani saa tisa za usiku, anatembea na mzigo kichwani mpaka mtoni, anangoja mtumbwi, anavuka kwa mwanga wa kwanza. "Ninyi mnaona sombe, mimi naona usingizi," alisema akicheka, akaenda zake.

Sisi tulipanda mtumbwi uliokuwa unarudi karibu mtupu. Maji yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa, yakibeba majani na vipande vya miti kutoka kusini. Mwenye mtumbwi hakuelekeza ncha moja kwa moja Alunguli. Alipanda kwanza kando ya ukingo kuelekea juu, kisha akauachia mtumbwi ukate mto kwa mshazari, ili mkondo wenyewe utufikishe. Wavuvi wa Kigenia wamevuka hivyo tangu zamani, kabla ya mtu yeyote kuandika jina la Kindu kwenye karatasi.

Kwa nini mji uko hapa

Tukiwa katikati ya maji tuliulizana: kwa nini mji wetu uko mahali hapa, si kwingine? Jibu ni maporomoko. Lualaba, ambao ukishapita Kisangani unaitwa mto Kongo, haupitiki na meli mahali pote. Juu yetu, upande wa Kasongo na Kongolo, kuna mawe na maji makali. Chini yetu, kutoka Ubundu hadi Kisangani, kuna maporomoko. Lakini kati ya Kindu na Ubundu, kilometa zaidi ya 300, maji ni mapana na matulivu, na meli hupita.

Wabelgiji walipotaka kubeba mali za nchi, walijenga reli pale ambapo mto ulikataa. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, iliundwa mwaka 1902 na tajiri Édouard Empain. Kwanza ilijenga reli ya Kisangani hadi Ubundu, ambayo wakati ule ziliitwa Stanleyville na Ponthierville, ikafunguliwa mwaka 1906. Kisha ikajenga reli ya Kindu hadi Kongolo, kilometa 355, iliyokamilika karibu na mwaka 1911. Meli ikifika Kindu, mzigo unahamia treni. Treni ikifika Kindu, mzigo unahamia meli. Ndiyo sababu mji wetu wakati wa ukoloni uliitwa Kindu-Port-Empain, bandari ya Empain.

Basi sikilizeni jambo hili, maana ndipo hadithi ya Alunguli inapoanzia. Reli ilijengwa ukingo wa kushoto. Ilipowekwa stesheni, yakafuata magodauni. Yalipowekwa magodauni, zikafuata ofisi, nyumba za wazungu, kambi za wafanyakazi, kisha misheni na mashule. Ukingo wa kuume ulibaki mashamba, vijiji na njia za miguu. Mpaka leo tukisema "mjini" tunasema upande mmoja tu. Wenyeji wa Alunguli hawakuhama kwenda mbali na mji. Mji ndio uliochagua upande mwingine.

Wanawake na mto huu

Lakini upande wa kuume una historia ya zamani kuliko reli, na ndani yake kuna wanawake wengi.

Ukipanda Lualaba kuelekea kusini, katika eneo la Kasongo, utafika Nyangwe, ambayo nayo iko ukingo wa kuume. Katika karne ya 19 Nyangwe ilikuwa kituo cha wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na pwani, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Pamoja nao kilikuja Kiswahili tunachosema leo. Lakini Nyangwe ilikuwa pia soko la wanawake wa nchi hii. Siku za soko walivuka mto kwa mitumbwi, mamia kwa mamia, na samaki, chumvi, mafuta, vyungu, kuku na mihogo. Mgeni Mskoti, David Livingstone, alikaa pale mwaka 1871, akapenda kuwatazama wakipigania bei na kuchekana.

Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka ule, watu wa wafanyabiashara waliingia sokoni na bunduki wakaanza kupiga. Wanawake walikimbilia mitumbwi. Mitumbwi ilikwama kwa wingi wa watu, mingine ikazama, wengi wakajitupa majini wakajaribu kuogelea hadi ng'ambo. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwatikisa watu, na miaka miwili baadaye, mwaka 1873, Sultani wa Zanzibar alilazimishwa kufunga soko la watumwa.

Miaka mitano baada ya Nyangwe, mwishoni mwa 1876, Stanley na Tippu Tip waliondoka pale na msafara mkubwa wakateremka kufuata mto kuelekea kaskazini, upande wetu. Vitabu vya shule vinawataja hao wawili. Wale wamama waliokuwa na vikapu hawana majina katika kitabu chochote. Tuliona vema kuwataja hapa, katika gazeti letu dogo, kwa sababu Alhamisi ile bichini tuliona kazi ile ile: mwanamke, kikapu, mtumbwi, soko la ng'ambo.

Barabara ya Kalima

Ukishuka Alunguli, jambo la kwanza unaloona ni barabara inayopanda kutoka majini kuelekea mashariki. Ni barabara ya Kalima na Pangi. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Symétain ilianza kuchimba bati kule Kalima, na mwaka 1976 kampuni za madini za Kivu na Maniema zikaunganishwa kuwa SOMINKI. Katika miaka ile mali ya Kalima ilikuja kwa barabara hii mpaka ukingoni, ikavushwa kwenye kivuko ili ipande treni. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, kazi ilipungua, na wanaume wengi walirudi nyumbani mikono mitupu.

Leo barabara hiyo ni matope wakati wa mvua. Tuliona vijana wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia marefu kuliko wao wenyewe, kijiti kimefungwa kwenye usukani na kingine nyuma ya kiti. Wametembea siku kadhaa kutoka vijijini. Wakifika mtoni wanajitupa chini ya miembe, na wamama wa Alunguli wanawauzia wali na sombe kwa mkopo mpaka mzigo uuzwe. Tulishangaa kusikia kwamba mikopo hiyo hulipwa karibu yote. "Atapita tena hapa," alisema mama mmoja mpishi. "Njia ni moja."

Kwa sababu ya njia hiyo, Alunguli ni mahali pa watu wa kila aina. Tulisikia Kiswahili, lakini pia Kisongola, Kilega, Kizimba, Kikusu na lugha ya Wagenia. Nyumba nyingi ni za matofali, nyingine za udongo na nyasi, na karibu kila uwanja una mwembe au mchikichi. Ni kimya kuliko Kasuku. Pikipiki ni chache. Watu wanasalimiana kwa majina, na mgeni anaulizwa mapema: "Umevuka lini? Utavuka saa ngapi?" Pale kila kitu kinapimwa kwa mto.

Miaka ya njaa

Mwaka 1988 Kivu iligawanywa mara tatu na Maniema ikawa jimbo, Kindu ikawa makao makuu. Ofisi zote mpya zilikwenda tena ukingo wa kushoto. Wanaotaka karatasi ya kuzaliwa ya jimbo, kesi, au sahihi ya mkubwa, wanavuka.

Halafu ikaja vita. Wengi wenu mnaikumbuka kuliko sisi tunavyoweza kuiandika. Mwezi wa kumi mwaka 1998 mji ulitekwa na RCD, na katika miaka iliyofuata Mai-Mai walishika misitu na mashamba ya pembeni. Treni ilisimama. Chumvi na sabuni vikawa mali. Mwanamke akienda shamba hakujua kama atarudi, na akirudi hakujua atasema nini juu ya yaliyompata njiani.

Mama mzee mmoja wa Alunguli alitukaribisha uwanjani kwake, akatuwekea viti chini ya mwembe. Tulimwuliza juu ya miaka ile. Alisema kwamba mto ulikuwa ukuta na mlango pia. Risasi zikilia huku, watu walivukia kule. Zikilia kule, walivukia huku. Yeye mwenyewe alivuka mara tatu na wajukuu wanne, usiku, akiwaziba midomo kwa kitambaa cha kichwa ili wasilie. "Nilifika na wote wanne," alisema, akanyosha vidole vinne mbele yetu, akavitazama kidogo, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Swali la mama mmoja

Saa za mchana tulikaa na wamama wa chama chetu wa Alunguli. Walikuwa wamepika samaki na ndizi. Baada ya kula, mmoja wetu kutoka Kasuku, ambaye ana moyo mwema lakini ulimi wake haungoji, aliuliza: "Mama, shida yote hii ya mto, kwa nini hamhamii upande wetu?"

Aliyejibu ni yule yule aliyetuuliza siku ya likelemba. Hakukasirika. Alisema shamba lake liko hapa, na huko kwetu angelipa kodi ya nyumba kwa pesa gani. Kaburi la mama yake liko hapa. Kisha akasema, "Tukihama wote, ninyi mtakula nini?" Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli.

Ndipo alipotuambia jambo ambalo hakuwa amelisema mkutanoni hata siku moja.

Miaka mitano iliyopita dada yake mkubwa alishikwa na uchungu wa kuzaa saa nne za usiku. Damu ilianza kutoka kabla ya mtoto. Walimpeleka kwenye kituo cha afya, na mkunga aliona haraka kwamba jambo limemzidi, akasema avushwe. Walimbeba mpaka mtoni kwa kitanda. Mitumbwi ilikuwepo, imefungwa, lakini wenye mitumbwi hawakuwepo, na aliyepatikana hakuwa na petroli. Mvua ilikuwa imenyesha na mkondo ulikuwa mkali. Wanaume walisema tungoje kupambazuke. "Tulingoja," alisema. Dada yake alikufa kabla ya alfajiri, taa za Kindu zikionekana ng'ambo ya maji. Mtoto pia.

Miaka miwili baadaye zamu ikawa yake mwenyewe. Uchungu ulimshika usiku vile vile. Yeye hakungoja. Alimtuma mumewe amwamshe mvuvi mmoja jirani, wakavuka kwa kasia na mwanga wa simu mbili, yeye amelala chini ya mtumbwi na maji yakimlowesha mgongo. Aliogopa, alisema, lakini aliuogopa ukingo kuliko maji. Mtoto huyo ana miaka mitatu. Muda wote alipokuwa akisimulia, mtoto alikuwa mapajani mwake akila ndizi.

Hakuna aliyesema kitu. Yule aliyeuliza swali la kuhama alisogea, akamchukua mtoto, akampakata.

Ng'ambo za wengine

Tulipokuwa tunarudi tulizungumza juu ya miji mingine yenye ng'ambo, maana si sisi peke yetu. Kule Zanzibar kuna mtaa unaoitwa Ng'ambo kabisa. Uliitwa hivyo kwa sababu mkono wa bahari uliutenga na Mji Mkongwe. Mji Mkongwe ulikuwa wa matajiri na majumba ya mawe. Ng'ambo ilikuwa ya watu wa kawaida, na wengi wao walikuwa watumwa walioachwa huru na watoto wao, wakiwemo watu waliotoka kwetu, Wamanyema. Siti binti Saad, mwanamke aliyekuwa maskini, akauza vyungu, kisha akawa mwimbaji mkubwa wa taarab, aliishi Ng'ambo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, Uhindi, kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri. Baadaye ule mkono wa bahari ulijazwa udongo, na leo kati ya sehemu hizo mbili kuna barabara tu.

Dar es Salaam wana Kigamboni. Miaka mingi watu walivuka kwa kivuko. Mwaka 2016 lilifunguliwa daraja la meta 680, na siku hizi gari linapita bila kungoja. Mombasa wana Likoni na Mtongwe. Tarehe 29 mwezi wa nne mwaka 1994, kivuko cha Mtongwe kilichojaa watu kupita kiasi kilipinduka karibu na ukingo, wakafa watu 272. Wengi walikuwa wanakwenda kazini asubuhi, kama wamama wa sombe.

Kwa hiyo ng'ambo inaweza kujazwa udongo, au kujengewa daraja, au kusahauliwa. Daraja letu siku moja litakuja, tunaomba. Hatuwezi kulijenga kwa likelemba. Lakini kati ya kujenga daraja na kukaa tu, kuna kazi ambayo mikono yetu inatosha.

Tuliyokubaliana

Jumapili iliyofuata tuliitisha mkutano wa wote. Tuligombana kidogo, tusifiche. Wengine walisema pesa ni chache na watoto wanangoja kulipiwa masomo. Mwisho tulikubaliana haya:

Kwanza, mkutano utakuwa wa zamu. Juma moja upande huu, juma moja Alunguli. Anayesema ni mbali, akumbuke kwamba wenzetu wamekwenda umbali huo huo bila kulalamika.

Pili, katika likelemba tumefungua kisanduku kidogo cha mtumbwi wa usiku. Kila mmoja ataongeza kidogo kila juma. Pesa hizo zitanunua petroli, ambayo itawekwa Alunguli na haitaguswa ila kwa mgonjwa. Tumeongea na wenye mitumbwi watatu wanaolala karibu na maji. Namba zao za simu zitabandikwa kwenye maternite, kwa shefu wa kartiye na nyumbani kwa kila mjumbe wetu.

Tatu, mama mwenye mimba anayeishi Alunguli, ikiwa alizaa kwa kupasuliwa zamani, au ana mapacha, au mkunga amemwambia mtoto amekaa vibaya, asingoje uchungu. Avuke mchana, majuma mawili au matatu kabla ya siku yake, akae kwa mmoja wetu. Wamama tisa wa Kasuku na Mikelenge wamekwisha kuandikisha nyumba zao. Chakula tutasaidiana.

Nne, tujue dalili ambazo hazingoji asubuhi, na tuwafundishe waume zetu pia: damu kutoka kabla ya kuzaa au nyingi baada ya kuzaa, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, kutetemeka kama kifafa, homa kali, chupa ya maji kupasuka bila uchungu kuanza, na uchungu wa siku nzima bila mtoto kutoka. Ukiona moja ya hayo, mpeleke mama kwa mkunga mara moja, na tuma mtu amwamshe mwenye mtumbwi wakati ule ule. Usitume mmoja kwanza na mwingine baadaye.

Tano, ni juu yetu sote tunaovuka. Tusipande mtumbwi uliojaa hata kama soko linachelewa. Tukivuka na mtoto mchanga, tumfungue mgongoni na kumpakata mbele, maana mtumbwi ukipinduka, mtoto aliyefungwa kikwembe mgongoni hakuna anayemwona. Anayeweza kununua jile la kuelea, anunue. Asiyeweza, achukue bidoni tupu la lita 20 lililofungwa vizuri, alishike karibu. Si sawa na jile, lakini linaelea, na kushika kitu kinachoelea ni bora kuliko kushika maji.

Mkutano wa kwanza wa Alunguli utakuwa Jumamosi ijayo, uwanjani kwa mama mzee, chini ya mwembe. Tukutane bichi saa mbili asubuhi, ili wamama wa sombe wawe wamekwisha kuvuka na mitumbwi irudi mitupu. Kila mmoja alete kiti kama anacho, na pesa ya kisanduku.

Tena, mkimkuta sokoni mama wa Alunguli na furushi lake limebaki kidogo jioni, mnunulieni bila kumkatia bei sana. Anataka kuvuka kabla ya giza.